Utani wa Chiwata Ulivyofika Dar

Kuna ukuta mmoja Masasi, ukitoka stendi unaelekea Mkomaindo, ambao mpaka leo nikiufikia napunguza mwendo. Sasa hivi umepakwa bluu tupu, lakini chini ya hiyo bluu yumo mjomba wangu. Simaanishi kazikiwa humo. Mjomba mzima wa afya, anakula kunishinda. Namaanisha picha yake. Alichorwa toka usawa wa magoti mpaka karibu na bati, kashika mche wa sabuni ya kufulia, meno yote nje, utadhani sabuni ndo imemtongoza yeye.

Na mimi kibanda changu kilikuwa palepale, chini ya kiwiko chake. Nilikuwa nachaji simu za watu, naingiza nyimbo na vichekesho kwenye memori kadi. Darasa la saba nilimaliza, baada ya hapo mimi na shule tuliachana kwa amani, hakuna aliyelia. Basi mteja anakuja na simu yake, ananiangalia mimi, anauangalia ukuta.

"We dogo, na huyu?"

"Mjomba wangu. Mdogo wake mama, tumbo moja."

"Muongo mkubwa wewe."

"Angalia masikio."

Akiangalia masikio anakubali. Masikio ya kwetu Newala huwezi kuyasahau, yamekaa kama yanasubiri upepo uje yaruke.

Siku zile nilikula maisha, jamani. Muuza chipsi alikuwa ananiongezea viazi bila kuombwa, halafu ananiuliza, "Mjomba hajambo huko?" Mwalimu wangu wa zamani, yule aliyeniahidi kwamba nitaishia kubeba zege, alinisalimia yeye kwanza. Mimi nikamwitikia kwa unyenyekevu, ila moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Mjomba hakusomea uchekeshaji popote. Alianza kwa kumwigiza yule bwana wa ghalani anayepima ubora wa korosho msimu ukifika. Unamletea gunia lako umelihangaikia mwaka mzima, yeye anachukua korosho moja, anaipasua, anaangalia ndani kama daktari anayetafuta ugonjwa, anaangalia juu mbinguni, anashusha pumzi, halafu anasema "daraja la pili" kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Mjomba alimwigiza hivyo hivyo, mbele ya simu ya rafiki yake, kavaa kofia ya mama yangu ya kanisani aliyokuwa kapewa na jirani. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo hiyo kofia ilikuwa haina kazi nyingine. Klipu ikazunguka Newala, ikashuka Masasi, ikaenda Mtwara, tukasikia iko Dar. Kabla hatujakaa sawa, mjomba mwenyewe naye yuko Dar, anachekesha redioni asubuhi, watu wanapiga mswaki huku wanacheka, povu linaenda puani. Halafu ndo ikaja sabuni.

Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni zile siku alizokuwa anarudi nyumbani. Tulikuwa tunapanda wote Newala kwa bibi, mimi na mama na wadogo zangu. Kule juu baridi ya mwezi wa saba haina mchezo, upepo unapanda toka bondeni unaingia mpaka kwenye mifupa. Tunakaa jikoni tumejifunika mashuka, bibi kachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo watu wa mikoa mingine ukiwapa wanauliza ganda liko wapi. Tunamenya, tunachovya kwenye chumvi na pilipili. Mjomba anaanza: namna matajiri wa Dar wanavyokula chakula kidogo kwenye sahani kubwa, namna msimamizi wake anavyoongea na simu mbili kwa wakati mmoja halafu zote anazidanganya. Bibi alikuwa anacheka mpaka anampiga mtu aliyekaa karibu. Tulikuwa tunagombania kukaa mbali.

Sasa nimwelezee mzee mmoja wa kijiji cha Chiwata, maana bila yeye hakuna stori.

Ukoo wetu na ukoo wake ni watani. Huo utani tuliukuta, na waliotuachia nao waliukuta. Mtani wako anaweza kuingia kwako akabeba kuku akaondoka, na wewe ruksa kulalamika huna, unapanga tu lini utaenda kwake ukabebe bata. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Na ukifiwa, watani ndo wanakuja kuchimba kaburi, kuteka maji, kupika, na ndo wenye kibali cha kusema yale ambayo mtu mwingine akiyasema anapigwa. Wasipokuja, wenye msiba wanajisikia wamesuswa.

Yule mzee alikuwa haendi kwa mtu akapiga hodi. Alikuwa anafika kwa bibi, anaingia moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria.

"Hiki ndo mnakula? Sishangai sura zenu."

"Toka, mzee mchafu," bibi anamjibu. "Mkeo kakushindwa mpaka kakutupa huku."

"Mke wangu? Si umuulize mwanao, ndo anajifanya mume wake."

Na kweli, mjomba toka mtoto alikuwa anamwita mke wa yule mzee "mke wangu". Akienda Chiwata anafika anadai chakula, anauliza kwa nini nyumba haijafagiwa, na huyu mwanamume mzee anayelala humu ndani ni nani. Bibi wa Chiwata anamrushia maganda ya muhogo. Ndo salamu yao. Shikamoo hakuna.

Mjomba alipochorwa ukutani, mzee alishuka Masasi siku hiyo hiyo aliyopata habari. Alikuja na furushi la nguo chafu, akalitua mbele ya kibanda changu, akauangalia ukuta weee.

"Mwambie mjomba wako ashuke," akasema. "Nguo hizi hapa. Na koti alisugue kola."

Akaliacha furushi akaondoka. Ilibidi mama afue. Mjomba alipoambiwa kwenye simu alicheka mpaka akashindwa kwenda hewani kwa wakati.

Mzee alifariki mikorosho ikiwa inatoa maua. Mjomba aliacha redio, aliacha kila kitu, akaja. Asubuhi ya mazishi tulikuwa wote Chiwata, watani kibao, tumechimba kaburi, tumeteka maji, tumeshaiba kuku wa kutosha. Bibi mjane alikuwa kakaa kwenye mkeka ndani. Halii. Haongei. Anaangalia mlango tu. Wanawe walikuwa wameanza kumuogopa, binti yake mkubwa akamwambia mama yangu pembeni, "Toka juzi yuko hivyo hivyo. Hajatoa hata chozi moja, nahofia kichwa kitampasuka."

Jeneza likaja, padri mbele na kitabu chake. Tukafika kaburini, tukamkuta mjomba kalala mle ndani, kakunja mikono kifuani.

"Nani huyo humo?" padri akauliza, wakati anamjua vizuri.

"Mpangaji mpya, baba. Hili shimo nimelipenda. Limenyooka, halina mbu. Huyo mzee mrudisheni nyumbani, sisi hapa pameshajaa."

Padri akageuka pembeni akajifanya anatafuta ukurasa. Bibi akasogea taratibu, kashikwa mikono na wanawe. Akafika ukingoni, akachungulia.

"Toka humo, mwizi we! Shimo la mume wangu hilo!"

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake toka tumefika.

"Nipe jogoo, mke wangu, nitoke."

"Jogoo mmeshawamaliza. Nikupe nini? Nikupe mimi mwenyewe?"

"Wewe? Mzee kakukimbia wewe, ndo maana kajifungia kwenye sanduku!"

Bibi akacheka. Alicheka cheko refu, kainama, kashika magoti, watu wote tunacheka naye, na katikati ya cheko hilo kikatokea kilio. Alilia sasa, alilia kama mtu aliyefunguliwa. Binti zake wakamkumbatia, na wenyewe wanalia, ila unaona kabisa mabega yao yameshuka. Mjomba akatafutiwa jogoo wake, akatoka na udongo mgongoni, akashika kamba upande wa kichwani, akamshusha mzee wake taratibu huku machozi yanamdondokea kwenye shati. Nilikuwa nimesimama karibu, niliyaona.

Mjukuu mmoja wa marehemu alirekodi yote kwenye simu. Hakuwa na ubaya. Alituma kwenye grupu la ukoo, ndugu walioko mbali waone babu yao kazikwa kwa heshima zote. Kutoka kwenye grupu ikatoka, nani aliitoa hajulikani, na huko njiani mtu akaikata. Ilipofika Dar ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Inaanzia, "Wewe? Mzee kakukimbia wewe, ndo maana kajifungia kwenye sanduku!" halafu moja kwa moja inaruka kwa bibi analia. Jogoo hakuna. Cheko hakuna. "Nikupe mimi mwenyewe" hakuna. Unamuona tu staa wa Dar yuko kaburini anamnyanyasa mjane.

Asubuhi nafungua kibanda, mteja wa kwanza ananipa memori kadi.

"Niwekee ile ya mjomba wako kaburini."

"Hiyo sina."

"Nchi nzima inayo, we ndo huna?"

Akaenda kibanda cha pili. Wakaenda wengi kibanda cha pili siku hiyo. Mimi nilikaa chini ya kiwiko cha mjomba nasoma watu walivyoandika. Huyu si binadamu. Huyu hana mama. Hiyo sabuni yake inanuka maiti. Mama mmoja alijirekodi anatupa mche mzima wa sabuni chooni, tena choo cha kuvuta maji, nikawaza huyu kesho choo kikiziba atamlaumu mjomba tena. Nilijaribu kuandika kwamba huo ni utani wetu wa huku, yule bibi ndo alianza. Mtu akanijibu, "Na wewe mchawi mwenzake." Nikaona bora nichaji simu.

Mambo yaliporomoka haraka. Redioni asubuhi tukasikia sauti ya mtu mwingine, anachekesha kwa kujikaza, na hakuna aliyesema yule wa zamani yuko wapi. Msanii mmoja aliyekuwa kamuweka kwenye video yake akaifuta. Wachekeshaji wenzake, ambao walikuja mpaka Newala wakala ming'oko ya bibi wakafungashiwa na mingine, wakaandika kila mmoja kwamba wao na yeye hawajawahi kuwa marafiki, walikutana kikazi tu. Harusi zote alizokuwa kaitwa kusherehesha zikapata mtu mwingine. Mpaka mchumba wake akaacha kupokea simu zake, akatuma ujumbe kwamba kwao wamesema wasubiri kwanza.

Halafu akaja fundi rangi. Yule yule aliyemchora. Alikuja na ndoo, brashi na ngazi, hataki kuniangalia.

"Watu wa sabuni wamesema nimfute," akasema.

"Sabuni ibaki?"

"Sabuni ibaki, yeye aondoke. Ila nikimfuta yeye, sabuni inabaki inaelea. Nitapiga bluu kote."

"Basi anzia chini, kaka."

"Nimeambiwa nianzie usoni, watu wanapiga picha."

Akapanda ngazi. Alikaa huko juu muda mrefu bila kuchovya brashi. Aliposhuka nilimpa maji ya kunywa, akasema ile pua hakuipatia vizuri toka mwanzo na ilikuwa inamsumbua kila akipita. Ndo alivyoomboleza yeye.

Sasa hapo bado tulikuwa tunasema, ni Dar hao, watasahau. Kosa kubwa likaja na msamaha.

Msimamizi wake, yule wa simu mbili, alimwambia bila kuomba radhi hakuna atakayemgusa tena. Wakamvalisha shati jeusi, wakamkalisha mbele ya pazia, wakampa maneno ya kusema. Akasema. Anaiomba radhi familia ya marehemu. Anamuomba radhi mjane kwa maneno ya udhalilishaji. Anajutia kitendo chake na hatarudia tena.

Mama alikuwa anasonga ugali nilipomwekea. Akaacha mwiko kwenye sufuria.

"Kamuomba radhi? Ya nini?"

"Ya yale ya kaburini, mama."

"Hatarudia nini? Kwani huyu mtoto ni mtani au sio mtani?" Akageuza uso. Ugali ukaungua, tukala hivyo hivyo.

Maana kwetu mtani hakuombi radhi kwa utani. Akikuomba radhi, maana yake yale aliyosema alikuwa ameyakusudia. Mjomba analijua hilo toka ananyonya. Lakini ukishakaa Dar unaongea na watu ambao hawajui, siku ile ya pazia na shati jeusi ulimi unasahau unaongea na nani.

Kule Chiwata bibi alionyeshwa na wajukuu. Dereva bodaboda anayepeleka abiria huko ndo alituletea habari. Bibi aliangalia mara ya kwanza. Akaomba waanze upya. Akaangalia tena mpaka mwisho, akawarudishia simu, akasema, "Kumbe alikuwa ananitukana kweli," akaingia ndani.

Mjomba alirudi Newala na begi moja. Sio yule wa kuingia uani anapiga kelele. Aliingia akamsalimia mama yake, akaulizia jembe liko wapi. Siku zikawa ni shambani tu, anapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, kajifunga tambara usoni, akirudi kapakaa unga wa njano mpaka kope. Mimi nilifunga kibanda nikapanda kumsaidia, nikajitahidi kumchokoza.

"Mjomba, ukisimama hivyo ndege wanaogopa shamba la jirani pia."

"Shika bomba vizuri," anasema. Basi.

Msimamizi alikuwa anampigia. Nilimsikia siku moja simu ikiwa kwenye spika, tumekaa chini ya mkorosho. "Watu wa sabuni nimeongea nao. Hawajakataa. Kaa kimya tu, kaka. Usichekeshe mtu, usitanie mtu, usionekane popote umefungua mdomo. Klipu moja tu ikitoka tena, mimi na wewe basi."

"Nimeelewa," mjomba akasema.

Ila kilichokuwa kinamla haikuwa sabuni. Nilijua siku aliponiambia, bila kuniangalia, "Washa pikipiki twende Chiwata."

Tulifika mchana. Zamani angeingia na kelele za mume aliyefika nyumbani kwake. Safari hii alisimama nje akapiga hodi. Nilisikia aibu mpaka kwenye nyayo. Bibi akatoka, kavaa vizuri, kajitanda khanga.

"Karibuni," akasema.

"Shikamoo, bibi," mjomba akasema.

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Wakaleta kiti. Kiti, jamani, cha plastiki, kimefutwa vumbi, kikawekwa kivulini. Mjukuu akatumwa soda mbio, ikaja na glasi imefunikwa kitambaa. Bibi akakaa mbali kwa adabu, akauliza safari, akauliza baridi ya Newala, akauliza afya ya mama yangu. Kila neno lilikuwa jema. Hakumtukana hata kidogo. Hakumuita mwizi, hakumuita mume mbovu, hakumrushia hata ganda moja la muhogo, na maganda yalikuwepo hapo hapo, ungo mzima.

Mjomba alikunywa ile soda kama dawa ya minyoo. Tulipoaga bibi alisema, "Asante sana kwa kuja kutuona, baba. Arobaini mkipata nafasi mje." Kama anavyomwambia diwani.

Njiani mjomba alinigonga bega nisimamishe pikipiki. Akashuka, akakaa kwenye jiwe.

"Kanipa kiti," akasema.

"Nimeona, mjomba."

"Na glasi."

Nikazima pikipiki, nikakaa chini pembeni yake. 

Arobaini ilipofika mabibo, yale matunda ya mkorosho, yalikuwa yameanza kuiva, Chiwata nzima inanukia. Asubuhi ile, kabla hatujaondoka, msimamizi alipiga. Watu wa sabuni wamekubali kukutana naye wiki inayokuja. Atampigia tena mchana kumpa saa ya kikao. "Leo hasa hasa usiniangushe. Nasikia unaenda kwenye shughuli ya yule yule marehemu. Nenda, kaa, ule, urudi."

Mjomba akakaa. Alipewa tena kiti, chini ya turubai, pamoja na wageni wa heshima, na simu yake kaishika mkononi kama mtu aliyeshika yai. Misa ikaisha, pilau likaliwa. Watani wengine walikuwepo, lakini walikuwa wapole kama wakwe. Kila mtu alikuwa na simu na kila mtu alikuwa anaiogopa simu ya mwenzake. Hakuibiwa hata kifaranga. Niliona binti za marehemu wanaangaliana.

Ukafika wakati wa kugawa nguo za mzee. Hapo ndo watani huwa wanavamia, wananyang'anya, wanazivaa, wanamwigiza marehemu mpaka watu wanamuona tena. Bibi akatoa shati, mtoto wake wa kiume akapokea. Akatoa kofia, mdogo wake marehemu akapokea. Akatoa koti, lile koti lake la kijivu. Akalinyanyua juu.

Watani wote tukamwangalia mjomba, maana koti la mzee nani mwingine wa kulivaa? Mjomba anaangalia chini.

Bibi alisubiri. Bado kalishika juu vile vile. Mwisho akalishusha, akaanza kulikunja, anakosea kukunja, anarudia.

"Basi," akasema taratibu. "Litapelekwa kanisani, atapewa maskini."

Nilisikia kiti kimeanguka. Mjomba alikuwa kashasimama, simu kaiacha kwenye meza ya pilau, anakwenda. Akamnyang'anya bibi koti mikononi, tena kwa nguvu, akalivaa. Likambana mabegani. Akainama mgongo, mkono mmoja nyuma kiunoni, akakohoa kile kikohozi cha mzee, viwili vifupi kimoja kirefu, na Mungu ni shahidi yangu, wajukuu wadogo walirudi nyuma.

"Nimerudi," akasema kwa sauti ya mzee. "Kule hakuna ming'oko. Na nyie mnakula pilau kwa jina langu, mmeniwekea wapi?"

Mjukuu yule wa siku ile aliinua simu, halafu akakumbuka, akaishusha haraka kama imemuunguza. Mjomba alimuona. Alibaki kasimama na lile koti, anaiangalia ile simu. Hata mimi nilimuonea huruma, maana njia ya kurudi kwenye kiti ilikuwa bado ipo wazi.

"Rekodi, we mtoto," mjomba akasema, bado kwa sauti ya mzee. "Babu yako kafufuka, unaogopa nini?"

Bibi kashika kiuno. "Rudi ulikotoka!" akasema. "Nimeshapata mwingine, kijana, ana meno!"

"Meno yenyewe ya kuazima! Nani huyo? Ndo huyu wa sabuni?"

"Ndo huyo huyo, mjinga mmoja wa Newala, masikio kama ungo! Kaja hapa juzi kapiga hodi kama muomba kura za watu, nikamnywesha soda, nikasema huyu kawa mgonjwa!"

Turubai zima likalipuka. Kuku wakaanza kupiga kelele huko nyuma, nikajua watani wameamka. Mama yangu alikuwa anacheka na kulia kwenye khanga hiyo hiyo. Binti mkubwa wa marehemu alikaa chini kwenye mchanga kabisa, kashindwa.

Katikati ya hizo vurugu simu ya mjomba ikaita pale mezani. Niliona jina: msimamizi. Mjomba aliiona pia, akapiga hatua moja, lakini bibi alikuwa karibu zaidi. Akaichukua, akaiweka sikioni upande alioona yeye unafaa.

"Haloo? ... Unamtaka nani? ... Huyo kafariki, baba. ... Ndiyo. Mimi ndo mjane wake. ... Arobaini yake ndo leo, tuko hapa Chiwata. Njoo, ila usije mikono mitupu, lete mchele."

Mjomba alikuwa kanyoosha mkono kuidai simu. Mkono ulibaki hewani kidogo. Halafu akaurudisha nyuma kiunoni, akainama mgongo, akakohoa.

"Mwambie na sukari," akasema.